Kadi ya Tisa: mwongozo kamili wa kutengeneza filamu fupi ya sataranji ya mwaka 1972, hapa Nairobi, kwa mfuko mdogo

Kila mwaka hunijia watu wawili watatu wenye skripti ya filamu kuhusu sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita. Wengi hawajui kucheza, na hilo halina neno. Kinachonichosha ni kwamba wote wameandika onyesho lilelile: mchezaji anatoka jasho, anasukuma malkia, ananguruma "chekimeti!", ukumbi unalipuka kwa makofi. Nimezeeka kwenye vilabu vya sataranji vya jiji hili na makofi sijayasikia. Husikia kiti kikiburutwa, mtu akikohoa, na kalamu ikiandika matokeo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza filamu ya dakika 12 hadi 15 kuhusu mchezaji wa zamani ambaye mchezo umemla, na ambaye hana pesa za kufunga barabara wala kukodi magari ya kale. Nitatumia hadithi moja kama mfano toka mwanzo hadi mwisho. Ichukue ukitaka, ila ukishaielewa njia ni heri ujitungie yako.

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya kuchagua mhusika

Watu husema "miaka ya sabini" kana kwamba ni siku moja. Chagua mwaka, kisha chagua wiki. Mimi nimechagua kati ya Juni na Septemba 1972, kwa sababu mambo mawili yaligongana humo.

La kwanza ni Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Kuanzia tarehe 11 Julai, Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Muungano wa Kisovieti walikutana huko kugombania ubingwa wa dunia. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza, wa pili hakutokea kabisa akahesabiwa ameshindwa, na bado akatwaa taji tarehe 1 Septemba kwa alama 12.5 dhidi ya 8.5. (Nilisema makofi sijayasikia. Huko yalisikika: mchezo wa sita ulipokwisha, Spassky mwenyewe alimpigia makofi aliyemfunga. Likitokea mara moja katika kizazi, ni habari. Likitokea katika kila skripti, ni uvivu.)

La pili ni Kampala. Tarehe 4 Agosti, Ijumaa, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda, nao wakapewa siku 90.

Kati ya miji hiyo miwili pana Nairobi, na reli na posta ambazo wakati huo Kenya, Uganda na Tanzania zilimiliki kwa pamoja. Hadithi ikajileta yenyewe. Karani wa reli, umri miaka arobaini na kitu, anaishi mtaa wa Kaloleni na mkewe. Anacheza sataranji kwa njia ya posta na mwenye duka mmoja wa Kampala, Mhindi, ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha. Kila kadi inabeba hatua moja. Kadi ya tisa anaitia posta Alhamisi, tarehe 3 Agosti. Jibu halirudi.

Basi, hiyo ndiyo filamu nzima. Ukiweza kuisimulia yako kwa sentensi tano kama hivi, endelea. Ukihitaji kumi na tano, umebeba filamu ndefu na mfuko wa filamu fupi.

Hatua ya 2: Tafuta mchezo wa kweli, na uuelewe kwa nini umeuchagua

Hapa ndipo wengi huteleza, na hapa ndipo nitakaa sana.

Usibuni mchezo. Ukiweka kete ovyo kwa sababu "hakuna atakayeona", ataona yule mmoja anayejua, na atawaambia wengine mia. Kuna michezo mifupi ya kweli iliyochezwa zamani, mizuri kama shairi, na hatua zake hazimzuii mtu wala hazimdai mtu pesa. Nilichagua ule wa Richard Réti dhidi ya Savielly Tartakower, Vienna, mwaka 1910. Una hatua 11 tu. Chukua ubao ufuate, weupe wakitangulia. Herufi ni safu, a hadi h toka kushoto kwa mweupe, na namba ni mstari, 1 hadi 8 toka upande wake.

Askari e4, askari c6. Askari d4, askari d5. Farasi c3, askari wa d5 anakula e4. Farasi anakula e4, farasi f6. Malkia d3, askari e5. Askari wa d4 anakula e5, malkia a5 na cheki, yaani mfalme ametishwa na lazima aokolewe. Askofu d2, malkia anakula e5. Mfalme mweupe anahamia c1 na ngome d1 kwa hatua moja, farasi mweusi anakula e4.

Sasa hatua ya tisa: malkia mweupe anakwenda hadi d8, mlangoni mwa mfalme mweusi, bila mlinzi. Anajitoa mhanga. Mfalme anamla. Hatua ya kumi, askofu anaruka g5, na kwa kuondoka kwake ngome iliyokuwa nyuma yake inafunguka: cheki mbili kwa wakati mmoja, ya askofu na ya ngome. Mfalme akikimbilia c7, askofu d8, kwisha. Akirudi e8, ngome d8, kwisha.

Uzuri wa mchezo huu kwa hadithi yetu haumo katika ujasiri wa malkia. Umo katika jambo dogo ambalo asiyecheza halioni: baada ya malkia kutua d8, mweusi ana hatua moja tu inayoruhusiwa na sheria, yaani kumla. Hana nyingine. Kwa hiyo karani wetu analijua jibu la kadi yake kabla hajabandika stempu. Anajua pia hatua ya kumi, na ya kumi na moja. Ameshinda. Kinachokosekana ni kadi moja yenye maneno machache kutoka Kampala, na bila hiyo kadi hajashinda chochote.

Tena angeweza kuepuka haya yote. Katika sataranji ya posta inaruhusiwa kuandika masharti: ukicheza hivi, mimi nitacheza hivi, na hivi. Angemaliza mchezo kwa kadi ileile ya tisa. Hakufanya, kwa sababu alitaka kuona mwandiko wa mwenzake ukisalimu amri. Mtu wa namna hiyo huna haja ya kumwekea muziki wa huzuni ndipo aeleweke.

Utaniuliza: mcheza sataranji akiutambua mchezo huu? Mwache autambue. Karani ameusoma katika kitabu kikuukuu na tangu hatua ya kwanza anamvuta mwenzake aingie kwenye mtego wa watu waliokwisha kufa. Hilo ni baya zaidi kuliko kuwa na kipaji, na kwa filamu ni bora zaidi. Shukrani za mwisho ziseme wazi mchezo ni wa nani.

Kabla ya kupiga hata picha moja, mtafute mshauri. Chess Kenya ndilo shirikisho, na vilabu vipo mjini. Mchezaji wa kiwango cha wastani anatosha. Mlipe. Usimwambie "utapata jina kwenye shukrani", mkono mtupu haulambwi.

Hatua ya 3: Andika mchezo ulivyomteka karani, kwa vitu vinavyoachwa

Kamera haiwezi kuingia kichwani mwa mtu. Waandishi wakikwama hapo huanza kurusha kete darini, kuchanganya sura za watu na ubao, kumfanya mhusika azungumze na farasi. Yameshafanywa, na waliokuwa na pesa.

Njia ya maskini ni nzuri zaidi. Mtu aliyetekwa hutambulikana kwa yale aliyoacha kuyafanya. Nilipoandika hadithi hii nilichukua daftari nikaandika orodha ya mambo madogo ya nyumbani, kisha nikayaacha yaoze moja moja. Chai inatengenezwa moto, inaonekana tena imeganda utando. Mtungi wa maji uko mlangoni mtupu. Ndevu zinaota. Shati la kazini linavaliwa siku ya tatu. Kodi iko mezani, imehesabiwa, na anaitumia kuzuia ubao usiteleze.

Mke asiwe wa kulia na kufoka tu. Mpe akili. Anamwita mumewe "Baba Halima", anamheshimu, na ndiye anayeona kwanza kwamba barua za Kampala zimekoma kwa kila mtu, si kwa mumewe peke yake. Siku redio inatangaza habari za Uganda, yeye anauliza, "Baba Halima, na yule mtu wako ana watoto?" Karani hajui. Miezi miwili wameandikiana na hajawahi kuuliza. Mwache mwigizaji akae na swali hilo kwa sekunde nane bila kujibu. Mwongozaji mwoga atazikata zibaki tatu.

Halafu kuna mwiba mmoja nilioupata katika historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakaguzi wa barua katika nchi kadhaa walizuia sataranji ya posta, wakihofia kwamba zile herufi na namba ni lugha ya siri ya wapelelezi. Karani anaweza kuwa amelisoma hilo. Ikifika katikati ya Agosti anaanza kuwaza: kadi yangu imesomwa na askari. Askari hakuielewa. Mwenzangu ameponzwa na malkia wangu. Hakuna anayemthibitishia wala kumkanushia, na filamu isimjibu.

Skripti iwe kurasa 12 au 13. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na filamu hii ina kimya kingi, kwa hiyo hata kurasa 10 zinaweza kutosha.

Hatua ya 4: Punguza jiji mpaka lienee chumbani

Nairobi ya 1972 haipo tena mitaani, hata ukiinama namna gani. Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 imekatiza mandhari yote ya Uhuru Highway. KICC, ambayo kila mtu hutaka kuiweka katika filamu ya zamani, mwaka huo ilikuwa ingali inajengwa, ikakamilika 1973. Barabara iitwayo sasa Moi Avenue ilikuwa Government Road. Ukitoka nje, kila hatua ni gharama ya kuficha kitu.

Basi usitoke. Asilimia kubwa ya filamu iwe chumba kimoja cha usiku, na nje uende mahali patatu tu: posta, njiani, na kituo cha treni.

Chumba kitafute Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba za mawe na ukumbi wake katikati, au katika mitaa mingine ya kale ya kaunti. Nenda kwa miguu, mchana, bila kamera, ukazungumze na wazee kwanza. Mtaa huu umeshapigwa picha na watu wengi waliokuja wakaondoka bila hata kusema asante. Mama mwenye nyumba akikukubalia, mlipe kwa siku, mpe mahali pa kulala yeye na wanawe siku za kazi, na andikianeni karatasi.

Treni: Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana injini na mabehewa ya wakati wenyewe. Kwa dirisha la behewa moja na mtu mmoja aliyesimama gizani utapata kituo kizima. Omba ruhusa kwa maandishi mapema.

Posta: usihangaike na jengo. Sanduku la barua lililopakwa rangi nyekundu, ukuta wa mawe nyuma yake, mkono unaofungua kufuli. Mtu akifungua kisanduku kitupu mara nne kwa pembe ileile ya kamera, mtazamaji ataijenga posta yote mwenyewe.

Hatua ya 5: Vitu vya wakati ule

Hapa nakuwa msumbufu, nisamehe.

Kalenda ya ukutani. Mwaka 1972 ulianza Jumamosi na ulikuwa mrefu, na mwaka 2000 ulikuwa hivyohivyo. Siku zote zinalingana. Ukipata kalenda ya 2000 kwa muuza vitabu vya zamani, funika mwaka, na kama sikukuu zimewekewa nyekundu futa tarehe 10 Oktoba, kwa kuwa Moi wakati huo alikuwa Makamu wa Rais.

Kadi na bahasha. Stempu za wakati huo zilikuwa na majina ya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Za kweli huuzwa na wakusanyaji kwa bei ndogo. Anwani iwe na sanduku la posta tu, bila msimbo kama 00100. Na hatua zisiandikwe kwa mtindo wa leo. Wachezaji waliojifunza kwa vitabu vya Kiingereza bado walitumia mtindo wa zamani, ambapo kila mraba hutajwa kwa jina la kete inayoanzia safu hiyo. Kadi ya tisa haisomeki d8. Inasomeka "9. Q–Q8 ch". Mfundishe mwigizaji aiandike kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa shule ya misheni, bila kusita. Karani ameandika herufi hizo maisha yake yote.

Kazini kwake, kila karatasi iseme East African Railways. Shirika la Reli la Kenya lilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Pesa: noti zenye sura ya Mzee Kenyatta, kubwa kabisa ikiwa ya shilingi 100. Televisheni usiweke. Mtu wa Kaloleni alikuwa na redio ya betri, na hata wenye televisheni waliona nyeusi na nyeupe.

Ubao na kete. Zile kete nzuri za mawe ya Kisii zinazochongwa Tabaka ni za kuweka sebuleni. Ni nzito, zinafanana fanana, na kamera inachanganyikiwa. Tafuta kete za mbao za umbo la Staunton, umbo lililoanza kuuzwa London mwaka 1849 na ambalo mashindano ya dunia hutumia mpaka leo. Mfalme awe na kimo cha kama sentimita 9.5, mraba wa ubao sentimita 5 hadi 6. Kisha umpe karani kasoro moja: askari mmoja amepotea zamani, nafasi yake inashikwa na kizibo cha soda. Wacheza drafti wa mtaani wataelewa mara moja.

Mavazi: Gikomba, soko la mitumba, alfajiri, na fundi wa cherehani. Kosa la kawaida ni kumvika kila mtu suruali pana za chini na kola ndefu. Mtu wa miaka arobaini na zaidi mwenye mshahara mdogo huvaa nguo za miaka kumi iliyopita. Karani wa 1972 avae suti ya 1962, iliyogeuzwa kola. Vijana wawili njiani ndio wavae mtindo mpya.

Ndani ya nyumba: vikombe vya bati, taa ya chemni, jiko la makaa, na mkebe wa Kimbo, mafuta ya kupikia, ambamo kadi zote za Kampala zimehifadhiwa kwa mpangilio. Mkebe huo utauona mwisho wa filamu, kwa hiyo utafute wa kale, wenye kutu kidogo.

Hatua ya 6: Vibali

Jambo lisilo na raha, lifanye mapema. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, unahitaji leseni ya kupiga filamu. Barabarani na kwenye majengo ya kaunti unahitaji kibali cha kaunti, na usiende bila nakala mfukoni, kanjo, askari wa kaunti, hawasomi simu. Mali ya reli, ruhusa ya wenye reli. Droni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu hii droni ya nini, lakini? Mwarifu chifu na kituo cha polisi cha karibu, maana mtakuwa na taa kali usiku wa manane. Hapo ndipo mwisho wa makaratasi kwa sasa.

Hatua ya 7: Fundisha mikono

Mwigizaji wako hahitaji kujua sataranji. Mikono yake ndiyo inayohitaji. Mpe kete wiki tatu kabla, alale nazo.

Mchezaji mzoefu hashiki kete kwa ngumi wala kwa ncha mbili za vidole kama anayeokota mbu. Huishika shingoni, huinyanyua kidogo tu, huitua katikati ya mraba bila kuitazama, kwa kuwa macho yameshahama kwenda jibu. Akila kete, mkono ni uleule: inayokula inasogea, inayoliwa inatoka ikiwa imefichwa kiganjani, sauti moja tu ya "tok". Mfanye arudie hatua 11 za mchezo wetu kila usiku mara ishirini, mpaka azicheze huku anazungumza mambo mengine. Hapo tu ndipo atakuwa huru kuigiza.

Ukiwa na onyesho la klabu lenye saa ya sataranji, iwe ya mshale, ile yenye kibendera chekundu kinachoanguka muda ukiisha. Saa za tarakimu hazikuwepo. Kitufe cha saa kibonyezwe kwa mkono uleule uliosogeza kete. Hakuna anayelazimika kusema "cheki". Na wachezaji wazuri hawangoji chekimeti. Wakiona maji yamezidi unga hutoa mkono na kusalimu amri. Kumwangusha mfalme ubaoni kwa kishindo ni mambo ya filamu, na tumekwisha kubaliana kuyaepuka.

Hatua ya 8: Siku za kupiga picha

Usiku tatu, watu saba au wanane, ndivyo ninavyopenda. Jambo la kwanza kila usiku, kabla taa haijawashwa, mtu mmoja ambaye kazi yake ni ubao na si kingine akague mambo mawili: mraba wa kona ya mkono wa kulia wa kila mchezaji ni mweupe, na malkia kasimama juu ya rangi yake. Filamu ya kwanza niliyoshauri, nilichelewa saa moja kwa sababu ya foleni. Nilipofika walikuwa wameshapiga maonyesho manne na ubao umegeuzwa. Walikuwa hawana pesa za kurudia. Filamu ilitoka hivyo, na mpaka leo kuna kijana wa klabu ambaye kila akiniona hugeuza ubao robo na kucheka.

Ipe kila hali ya ubao namba, kuanzia 0 hadi 21, kwa maana hatua 11 za weupe na 10 za weusi ni hatua 21. Piga picha ya kila moja kutoka juu, zichapishe, zibandike ukutani. Kibao cha onyesho kiandikwe namba hiyo. Zikipangwa hivyo, mhariri hatakupigia simu saa nane za usiku kuuliza kwa nini farasi aliyekuwa ameliwa amefufuka.

Kamera isimame upande mmoja wa meza na ibaki huko mpaka kadi ya tisa. Ukivuka upande bila sababu, mtazamaji asiyejua mchezo hupoteza nani ni mweupe. Kadi ya tisa ikishatumwa, vuka. Kuanzia hapo karani anakaa kiti cha pili, anajichezea mwenyewe upande wa Kampala, na mtazamaji atahisi kitu kimepinda hata asipoweza kukitaja.

Mambo ya taa kwa kifupi: stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, la sivyo balbu zitacheza kwenye picha. Ondoa balbu nyeupe za siku hizi, weka za manjano. Chemni iwake kwa kweli, ila nyuma yake ficha taa ndogo ya betri ya rangi ileile. Stima ikipotea, na itapotea, hiyo ya betri itawaokoa.

Na chakula. Chapati na maharagwe ya moto saa sita za usiku, chai saa tisa, nauli ya kila mtu kufika nyumbani alfajiri. Ningepunguza lenzi kabla ya kupunguza hayo.

Hatua ya 9: Sauti

Filamu ya sataranji inasikika zaidi kuliko inavyoonekana. Rekodi kila kete peke yake, ikitua juu ya mbao, juu ya kitambaa, juu ya karatasi za pesa. Malkia wa hatua ya tisa asiwe na sauti kubwa kuliko askari. Vuta sauti nyingine zote, ndipo asikike.

Adui wako ni jiji la leo: honi za bodaboda, muziki wa matatu, simu za majirani, spika za kanisa. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri kuna kimya cha kutosha. Tumia saa hizo kwa maonyesho ya mazungumzo pekee. Treni irekodi mbali, kwa upepo. Karani anaisikia kila usiku na kujiuliza kama imebeba barua.

Tangazo la redio usilichukue kwenye maktaba za watu. Mwandikie mwigizaji maneno mafupi yenye ukweli wa tarehe na siku 90, ayasome kwa sauti ya mtangazaji wa zamani, iliyonyooka. Nyimbo za wakati ule ni mtego pia: wimbo una mwenyewe, na rekodi yake ina mwenyewe wa pili, na wote wawili wana haki ya kuulizwa. Fundi wa gitaa atakayekutungia mapigo ya dakika moja ni nafuu na ni salama.

Hatua ya 10: Uhariri, na kuionyesha

Mhariri asipojua sataranji ni vizuri, atafuata nyuso. Wewe shika zile picha 22 za ubao na umzuie akiruka hali. Ubao wenyewe uonekane mzima mara tatu tu: mwanzo, kadi ya tisa, na mwisho. Reykjavik ibaki gazetini na redioni. Siku Fischer anapotawazwa, karani yuko kituoni, na habari hiyo inampita kama ya mechi ya mtaa wa pili.

Onyesho la mwisho: anaandika hatua ya kumi na ya kumi na moja kwenye kadi mbili, anaziweka ndani ya mkebe wa Kimbo, halafu anachukua kadi ya tatu. Hii haina hatua yoyote. Tunaona ameanza, "Ndugu, una watoto wangapi", kisha picha inakatika.

Kabla ya kuionyesha hadharani ipeleke kwa bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, ipewe daraja. Kuna GE (watu wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18, na hii haina sababu ya kupita PG. Goethe-Institut na Alliance Française huonyesha filamu katikati ya mji, na huko utapata watu wa kukusifu. Lakini onyesho la kwanza lifanye Kaloleni, katika ukumbi, shuka jeupe ukutani na projekta ya kukodi, kwa waliokupa nyumba. Alika pia wacheza drafti wawili wa mtaani na mtu mmoja wa klabu. Kaa nyuma. Yule wa klabu atakuwa anatazama ubao, na kama ulifuata Hatua ya 8 ya mwongozo huu hatakuwa na la kusema. Sikiliza wale wa drafti. Mmoja wao akimnong'oneza mwenzake, "Si apande tu hiyo treni aende amwone?", usiguse tena hata fremu moja.